Saa Saba na Dakika Saba

Mtaani kwetu ukiulizia nyumba ya shemeji yangu kwa jina lake la kwenye kitambulisho, utazungushwa hadi uchoke. Ukiulizia kwa Nusu Mili, utaelekezwa mpaka getini. Jina hilo alipewa na vibarua wa karakana yake ya useremala, kwa sababu hajawahi kupokea kazi ya mtu bila kusema, "Toa nusu mili." Mlango umekaa sawa, unafunga bila kulia, mwenye nyumba ameridhika, yeye atapitisha kidole ukingoni, atatikisa kichwa na kuagiza itolewe nusu milimita. Dada yangu, ambaye huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu aolewe naye, anasema siku ya harusi alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaogopa ataamriwa apigwe randa.

Mimi ni mtunza stoo wa idara ya maji na nyumba yangu imepakana na yao. Nina mazoea ya kuandika mambo kwenye daftari, na mengi ya haya nimeyatoa humo.

Shemeji ana mapenzi mawili, mbao na muziki wa okestra. Hayo ya pili aliyapata kazini. Alipokuwa na miaka ishirini alitandika sakafu ya mbao kwenye studio ya redio, kazi ya wiki nane, na ukutani kulikuwa na spika iliyopiga santuri za okestra kutwa nzima. Wenzake walijiziba masikio kwa pamba. Yeye alikuwa akichelewa kutoka. "Watu sitini," aliniambia mara ya kwanza niliposikiliza naye, "kila mmoja ana chake, na hakuna anayemgonga mwenzake. Hayo ndiyo maungio, shemeji." Dada yangu huuita muziki wa kumsubiri daktari wa meno.

Sebule yao ina hatua nne kwa tano, na karibu theluthi yake ni mali ya muziki. Kuna amplifaya iliyotoka kwenye hoteli iliyofungwa, nzito kama mfuko wa saruji. Kuna spika mbili zinazonifika kifuani. Ndani ya spika alinunua, lakini maboksi alichonga mwenyewe kutokana na mlango wa ghala uliokaa juani miaka arobaini, kwa sababu mbao ikishakauka kiasi hicho haina tena neno la kuongeza juu ya muziki. Katikati ya sakafu kuna msumari mdogo wa shaba. Hapo ndipo unapokaa mguu wa mbele wa kulia wa kiti chake. Dada akifagia akakisogeza kiti upana wa kidole, shemeji atakaa, atasikiliza kidogo, kisha atainuka na kukirudisha.

Binti yao mkubwa naye alipewa jina karakanani: Msasa. Kwanza kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kusugua mbao na kupaka vanishi. Pili kwa sababu ya ulimi wake. Alimaliza shule ya sekondari akaingia kazini kwa baba yake moja kwa moja, na jioni alikaa sakafuni kando ya ule msumari, mgongo kwenye boksi la spika, wakisikiliza bila kusemezana.

Msasa ndiye aliyeleta muziki wa intaneti. Alipolipwa kazi yake kubwa ya kwanza alinunua kisanduku cheusi cha ukubwa wa kiganja, akakichomeka kwenye amplifaya, akafungua akaunti kwa jina lake na kuilipia yeye. Alipanga muziki kwa orodha kupitia tableti, akamfundisha baba yake vitufe vitano vya kwenye kisanduku, kila kitufe na orodha yake, kisha akaifungia tableti kwenye droo ili mzee asiivuruge. Kisanduku kikicheza, taa yake ni ya kijani. Kisipocheza, nyeupe.

Mbali na hayo, walitoa waya dirishani ukavuka ua hadi karakana, wakafunga huko spika ya tatu. Haikuwa starehe tu. Kulikuwa na kipande kimoja cha polepole, fidla na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, cha dakika kumi na tisa, nacho kilikuwa saa yao ya gundi. Gundi ikishapakwa na vibanio kukazwa, kipande kinawekwa. Kikiisha, gundi iliyofurika pembeni imekuwa kama mpira, unaikwangua kwa patasi inatoka utepe mzima. Ukiwahi inapakaa, ukichelewa inang'oka na nyuzi za mbao. Vibarua waliokuwa wakinung'unikia muziki ule walifika mahali pa kuinua patasi wenyewe fidla ya mwisho inaponyamaza.

Kisha yakaja madawati.

Shule moja iliagiza madawati mia na ishirini. Mbao zilipofika, shemeji alizikagua kama anavyokagua siku zote: anaigonga kila moja kwa kifundo cha kidole na kuitegea sikio. Mbao kavu hujibu, husema yeye, mbichi hunyamaza. Karakanani kuna kipimo cha unyevu, kidude chenye sindano mbili ambacho Msasa alikiazima na hakikurudi kwa mwenyewe, lakini shemeji alikiita kipimajoto na hakukigusa. Zile mbao alizigonga zote, akasema ziko sawa.

Wiki ya tano tangu madawati yapelekwe, mwalimu mkuu alikuja na pikapu. Nyuma kulikuwa na dawati moja, na maungio yake yalikuwa yameachana kiasi cha kupitisha sarafu. Mengine, alisema, yako hivyohivyo. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kuomba misumari. Shemeji alilizunguka lile dawati mara mbili. Vibarua walikuwa wameacha kazi, wote wanamtazama.

"Gundi alipaka huyu," akasema, akamwonyesha Msasa kwa kidevu.

Msasa aliweka brashi kwenye kopo, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akajifuta kidole kwa kidole, akaingia ndani. Siku ya tatu alihamia mji mwingine, akapata kazi kwenye kiwanda cha viti vya ofisi, idara ya vanishi. Madawati yote yalirudishwa na kutengenezwa upya na baba yake na vibarua. Tangu hapo Msasa alikuwa akimpigia simu mama yake tu. Dada alikuwa akizungumzia jikoni, mlango ukiwa wazi, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika hadi sebuleni. Lakini shemeji alipojaribu kuuliza habari kwa kupitia kwake, alijibiwa, "Mimi si posta, Baba Msasa. Wote mna midomo." Hakuacha kumwita Baba Msasa hata siku moja. Nadhani alikuwa akilitamka kwa nguvu kuliko zamani.

Siku nane baada ya binti kuondoka, daftari langu lina mstari huu: "Waya wa muziki wa karakana umekatwa kwa koleo. Sababu haijasemwa." Niliuandika na kuusahau.

Miezi kumi na minne ikapita. Kisanduku kiliendelea kucheza, na hakuna aliyeuliza nani analipa. Kila mtu alijua, ndiyo sababu haikuulizwa.

Shemeji ana nyakati mbili za muziki: baada ya chakula cha mchana, na saa kumi na moja jioni akifunga kazi. Mwezi wa tano ulipoanza, muziki ukawa unakatika. Taa inageuka nyeupe, kimya. Anabonyeza, unarudi. Dakika moja au mbili, unakatika tena. Kuna Jumanne moja ulikatika mara sita katika kipande kimoja.

Mtu mwingine angeita fundi wa intaneti. Yeye alifikiria kiseremala. Kwanza aliona tatizo ni joto, akakitengenezea kile kisanduku kijumba cha mbao chenye matundu ya hewa kumi na sita, yote sawasawa. Ukakatika. Kisha akaona tatizo ni randa ya umeme ya karakanani, kwamba inavuta umeme hadi kisanduku kinapungukiwa. Akapiga marufuku mashine zote kuanzia saa saba hadi saa nane mchana. Vibarua waliipokea sheria hiyo kwa mikono miwili, na mmoja akaanza kuja na mkeka wake.

"Umekatika tena leo, bosi?" walikuwa wakimuuliza kwa huruma.

"Umekatika."

"Basi bado ni umeme. Tungoje mpaka saa tisa kabisa."

Ukutani kando ya amplifaya alisimamisha kipande cha plaiwudi, na kila ulipokatika aliandika kwa penseli yake ya useremala: siku, saa, dakika. Hilo nililipenda. Jumamosi na Jumapili nilikuwa nanakili kwenye daftari langu.

Mwishoni mwa wiki ya tatu dada alichoka, akamwita fundi wa intaneti mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani juu ya paji la uso na begi la nyaya. Alipima laini, akakitazama kile kijumba cha mbao kwa muda.

"Hii nyumba ya njiwa amejenga nani?"

"Mimi," shemeji akasema.

"Nzuri. Lakini laini yako haina neno. Huu muziki unaongozwa na nini? Simu?"

Tableti ikatolewa kwenye droo, ikachajiwa. Ilipowaka, yule mama alishusha miwani na kusoma maandishi yaliyokuwa yakingoja kwenye kioo: muziki umesimama kwa sababu akaunti inatumika kwenye kifaa kingine.

"Akaunti hii inaruhusu kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja," akaeleza. "Mwingine akiwasha huko, wewe unazimika hapa. Wewe ukiwasha, yeye anazimika. Akaunti ni ya nani?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

"Ya binti yetu," akasema.

"Basi mnanyang'anyana na binti yenu. Dawa yake ndogo, baba, fungua ya kwako. Kila mtu na yake. Na hizi orodha zote utaziacha kwake, utapanga upya." Alikuwa akipitisha kidole kwenye kioo. "Ziko nyingi. 'Za Gundi.' 'Za Jumapili.' 'Za Mama Akipika.' 'Za Baba Akinuna.'"

Shemeji aliichukua ile tableti mkononi mwake. Kwa miaka yote alikuwa akibonyeza kitufe cha nne bila kujua kina jina.

"Na mtu akiandika orodha mpya hapa," akauliza, "yule wa huko anaiona?"

"Akaunti si moja? Anaiona."

Yule mama alipoondoka, shemeji alikaa kwenye kiti chake bila kuwasha kitu. Nilidhani anatafakari. Kumbe alikuwa anachemka.

"Ananizimia makusudi," akasema. "Mwezi mzima. Anakaa huko anasubiri nikae, ananizimia."

"Atajuaje umekaa?" dada akamuuliza.

"Anajua saa zangu."

Nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani kuleta daftari. Ukizipanga zile saa zake chini kwa chini, zilikuwa za aina mbili tu. Wiki moja, kila siku ya kazi, ulianza kukatika saa kumi na moja na dakika saba jioni. Wiki iliyofuata, saa saba na dakika saba mchana. Kisha saa kumi na moja tena. Jumamosi na Jumapili hamna. Mimi ndiye ninayewagawia wahudumu wa pampu sabuni na glavu kila zamu inapobadilika. Jedwali la zamu nalijua nikiliona.

"Hii ni mapumziko ya kazini," nikamwambia. "Wiki hii yuko zamu ya mchana, wiki ijayo ya asubuhi. Hakusubiri wewe. Anasubiri kengele."

Shemeji alimgeukia mkewe. Dada akatazama dari kama posta iliyofungwa, lakini akasema, "Wiki hii ni mchana, kweli. Tangu mwezi huu uanze wamewekwa zamu. Anapumzika saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja kamili?"

"Kamili."

"Na hizo dakika saba?" nikauliza mimi.

Shemeji ndiye aliyejibu, polepole. "Ananawa mikono. Vanishi haitoki chini ya dakika tano."

Akaangalia ile plaiwudi yake, mistari arobaini na kitu, na nikaona amefika nilipokuwa nimefika mimi. Kila mahali alipoandika kuwa umekatika, aliwasha tena. Na kila alipowasha, alimzimia mtoto aliyekuwa na nusu saa ya kukaa chini.

Dada hapo hakujizuia. "Kuna jambo nilikuwa silielewi, sasa nimelielewa. Juzi aliniambia mwisho wa mwezi anaifunga akaunti ya zamani, anafungua nyingine ya kwake mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, 'Mama, nimeelewa kuwa sitakiwi humo.' Nikafikiri ni mambo ya kampuni."

Ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na mbili.

Kuanzia Jumatatu shemeji hakugusa kisanduku katika saa zile. Aliniagiza nimwandikie jedwali la zamu za Msasa hadi mwezi unaofuata, nikalichora kwa rula, tukalibandika karakanani kando ya misumeno. Zamu sasa ilikuwa ya asubuhi: saa saba na dakika saba alikaa kwenye kiti chake, tableti magotini, taa ya kisanduku nyeupe, sebule kimya. Tableti ilionyesha kinachochezwa upande wa pili. Kilikuwa kipande cha gundi. Siku zote alizokuwa akimzimia, alikuwa akimkatia kipande hicho.

"Si umpigie tu simu kama binadamu wengine?" dada akamwambia siku ya pili.

"Simu inataka majibu hapohapo."

"Wewe ndiye unayedaiwa majibu."

"Ndiyo hiyo, Mama Msasa."

Siku ya tatu aliniita karakanani baada ya vibarua kuondoka. Alikuwa ameandika kwenye kipande kipya cha plaiwudi, pande zote mbili. Akanipa nisome. Yalikuwa maelezo marefu kuhusu mvua za mwaka ule, na muuzaji aliyeficha mbao mpya chini ya kuukuu, na ratiba ya shule iliyokuwa ikibana. Yote yalikuwa kweli. Nilipomaliza nilimuuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

"Ndivyo." Akachukua kipande cha mbao mezani, akakigonga kwa kifundo, akakitegea sikio kwa mazoea. "Isipokuwa siku ile niligonga muziki ukiwa juu. Ile spika pale. Nilikuwa nasikia selo, nikaona mbao zinajibu." Akakirudisha kile kipande. "Nilijua wiki moja tu baada ya yeye kuondoka. Nilikwenda kugonga zilizobaki kukiwa kimya."

Nikakumbuka mstari wangu kuhusu waya na koleo.

"Sasa haya yote utaandika kwenye jina la orodha?" nikamuuliza. "Hayaenei, shemeji."

"Ndiyo maana nimekuita. Wewe ni mtu wa kuandika."

Nikamrudishia ile plaiwudi. "Toa nusu mili," nikamwambia.

Aliniangalia kwa jicho baya, kisha akachukua penseli. Akafuta mvua. Akafuta muuzaji. Alikaa sana juu ya ratiba ya shule, nayo akaifuta. Tukaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole kilichokauka gundi, na orodha ile ikapata jina: Mbao Zilikuwa Mbichi. Ndani yake akaweka kipande kimoja, cha dakika kumi na tisa.

Siku iliyofuata, saa saba na dakika saba, tableti ilionyesha kipande cha gundi kinacheza, na kinachezwa kutoka kwenye orodha mpya. Dada, mimi na shemeji tulikaa mbele ya amplifaya iliyozimwa tukitazama mshale mdogo ukitambaa kwenye kioo, mwanzo hadi mwisho. Dada aliniambia baadaye hajawahi kusikiliza muziki wa mume wake kwa makini kiasi kile.

Jibu halikuja siku hiyo. Halikuja kesho yake, wala keshokutwa. Shemeji alianza kuwaambia vibarua kuwa wanaweza kuwasha mashine saa saba kama wanataka. Hawakutaka. Tarehe thelathini na moja jioni nilipita kurudisha ngazi, nikamkuta dada amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, wote wawili wanatazama tableti. Chini ya orodha yake kulikuwa na nyingine. Haikuwa na muziki wowote ndani, jina tu: Nilijua Baba Nilizipima.

"Kile kipimajoto," shemeji akasema.

"Kumbe alijua hata siku ile pikapu ilipokuja," nikasema.

"Mbona hakusema? Mwalimu mkuu yupo, vibarua wapo, kipimo kipo. Angesema tu."

Dada alimwekea mkono begani. "Angesema mbele ya vibarua wako kwamba sikio lako limekosea?"

Shemeji aliinuka, akatoka uani, na kwa muda mrefu tulimsikia akipanga mbao zilizokuwa zimeshapangwa.

Hatukujua bado kama akaunti itafungwa. Tarehe mosi nilikuwa likizo, na nilikuwepo saa sita mchana aliponawa, akala, akabonyeza kitufe cha pili kwa uangalifu kama anayegusa pasi. Taa ikawa ya kijani. Akasikiliza vipande viwili, akazima ili ale tunda, akazungumza nami habari za bawaba. Kwenye jedwali langu wiki ile Msasa alikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo saa saba ilikuwa yetu. Saa saba na dakika ishirini na mbili akabonyeza tena.

Sekunde chache tu, simu yake ikaita. Si ya dada. Yake, ile anayopigiwa na wauza mbao. Akaangalia jina, akasimama wima.

Alibonyeza sauti kubwa kwa bahati mbaya, kwa hiyo nasema nilichosikia.

"Baba."

"Ndiyo."

"Zimebaki dakika nne."

"Za nini?"

"Za kipande. Umenizimia. Mwezi mzima nakosa mwisho wake, nimeupata siku tano tu, leo tena umenizimia."

"Jedwali linasema uko zamu ya mchana," shemeji akasema.

"Jedwali gani?"

"La mjomba wako."

"Mwambie mjomba wiki iliyopita tulihesabu mali, zamu hazikubadilika. Yeye si mtunza stoo? Hajui wiki ya kuhesabu mali?"

Nilijitazama viatu. Miaka kumi na tisa ya stoo, na nilikuwa nimesahau kuhesabu mali.

"Nilidhani ulikuwa unanifukuza," Msasa akasema, kwa sauti ya chini kidogo.

"Nilidhani ni umeme."

Nyuma ya Msasa kulisikika watu wakiburuta viti.

"Mbao zilikuwa mbichi," shemeji akasema tena, kwa mdomo safari hii. "Nilikusingizia mbele za watu. Wale waliokuwepo nitawaambia, mmoja mmoja."

"Sawa, Baba." Alikohoa. "Kengele inagonga baada ya dakika sita. Sasa nani anawasha?"

Nilimwona shemeji akifikiri. Kisha akabonyeza mwenyewe, akasogeza kipande hadi zilipobaki dakika nne, akainua sauti, akainuka na kuiweka simu juu ya kiti chake, katikati kabisa, akahakikisha mguu wa kiti uko kwenye msumari. Yeye akaenda kukaa sakafuni, mgongo kwenye boksi la spika. Dada alitoka jikoni na mikono yenye povu, akasimama mlangoni. Selo zikaingia, fidla zikafuata, na mwisho ile fidla moja ikabaki peke yake hadi iliponyamaza.

"Baba," simu ikasema kutoka kwenye kiti.

"Nakusikia."

"Spika ya kushoto inatetemeka."

"Haitetemeki."

"Inatetemeka. Chini kule, selo zikishuka."

"Spika hizo nimechonga mimi."

"Najua. Mwambie Mama aweke sikio."

Dada hakungoja kuambiwa. Alipiga magoti, shemeji akarudisha dakika mbili nyuma, dada akasikiliza. "Inatetemeka, Baba Msasa," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

Kengele ikagonga huko kiwandani. Msasa akasema atapiga Jumapili, akakata.

Alasiri ileile shemeji aliifungua spika ya kushoto na kukuta skrubu moja ya nyuma imelegea. Akaikaza, kisha akatoka kwenda karakanani, akawaita vibarua watatu waliokuwa wamelala mkekani, akawaambia habari ya mbao wakiwa bado wanajifuta macho. Mwalimu mkuu alimfuata mwenyewe shuleni kwa baiskeli, siku ya pili. Jumamosi aliazima koleo langu na kuunganisha waya wa karakana.

Mimi nilichora jedwali jipya, sahihi, lenye wiki ya kuhesabu mali. Nilipompelekea alilisoma hadi chini, akanishukuru, akalikunja na kulitia mfukoni. Lile lenye kosa bado limebandikwa pale kando ya misumeno. Nimemwomba mara mbili alitoe, amekataa.